Divai Yenye Wote Walitema

Hii haya ningeificha mpaka kaburini, lakini nusu ya Gisenyi inaihadisia vibaya, heri niihadisie mwenyewe.

Mi ni mushonaji, tena mulokole, pombe haijagusa huu mudomo tangu niokoke. Jumamosi moja nikapeleka vitambaa ya meza kwa hoteli fulani ya kando ya ziwa. Kesho yake nilipaswa kuwekwa kiongozi wa wamama wa kanisa (kitu nilikuwa naombea kwa magoti), na Mama Pasta alisema atanipitia pale hotelini twende kwa mazoezi ya kwaya.

Bon, nikakuta Mubelgiji moja anaonjesha wageni wazungu divai ya Bufaransa, zile za bei kali, ili hoteli imununulie. Kiti moja iko wazi, patron wa hoteli akaniuliza kama najua Kifaransa. Hapo njo nilijiua. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, nikajibu "un peu", kidogo, na shingo juu, nikakaa. Nilijiambia nitagusisha mudomo tu, Mungu anaona moyo.

Mubelgiji akamimina. Mugeni wa kwanza akanusa glasi (kwetu ukinusa kinywaji ya mutu mbele yake, mama yako anakufinya), akatia mukinywa, akazungusha, akatema ndani ya ndoo yenye Mubelgiji mwenyewe aliweka pale. Wa pili akatema. Wote wakatema, mbele ya macho ya mwenye divai! Halafu moja akasema inanuka ngozi, mwengine uyoga, mwengine udongo yenye imenyeshewa, na yule masikini anatabasamu tu, oui, oui. Yewe, roho ikaniuma. Mutu anatoka kwao na chupa zake, wanamuhaibisha hivi?

Donc mi nikameza. Kila glasi nikamaliza mpaka chini, nikimuangalia kwa macho ya kumufariji, na yeye kwa furaha ananiongezea.

Kisha nikasimama, ao meza njo ilishuka, sijui. Nikawaambia wale wazungu, kwa Kifaransa yangu yote na Kiswahili juu yake: "Hamuna wazazi? Mutu anawapa kitu yake, munatema? Si mungesema tu mumeshiba." Nikanyakua ile ndoo nikaimwage inje, muguu ikakwama kwa kitambaa nilishona mwenyewe, ndoo nzima ikanishukia. Kuinua kichwa, Mama Pasta iko mulangoni.

Akaniuliza polepole, "Mama Furaha, nini hiyo inatiririka kwako?"

"Mate ya wazungu, Mama," nikajibu, na ilikuwa kweli.

Siku ya Mungu Pasta akaniita pembeni kabla ya ibada, nikamweleza yote.

"Wote walitema?"

"Wote, Pasta."

"Na weye peke yako, mwenye hunywi, njo ulimeza?"

"Nilimuonea huruma mwenye divai."

Akafunika mudomo na Biblia, mabega inacheka, akaanza kusema labda Bwana ataelewa. Nikapumua. Na pale pale, rwose kabisa, mulango ya kanisa ikafunguka, Mubelgiji, mwenye patron wa hoteli alimuelekeza, akaingia na chupa mbili zenye kufungwa utepe mwekundu, akaziweka kwa meza ya Bwana mbele ya watu wote, akauliza kwa sauti iko wapi ule mama mwenye alikunywa kupita wote.

Ule uongozi wa wamama walimupa mwenzangu Mama Yoeli, ni wake mpaka leo. Mi nilirudishwa kwa benchi ya waongofu wapya, kufundishwa tena ubaya wa pombe. Na nimeapa: nikiona tena mutu anahaibishwa na kinywaji yake, nitamuombea tu, nikiwa mbali, na mudomo imefungwa.