Gololi Nilizozitoa kwenye Mikanda

Kabla watu hawajaanza kuulizia mikanda ya siti za magari, sisi wenye mabanda ya spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo, tulikuwa tunaikata na kufungia mizigo. Wengine walisukia vitanda. Ruhusa ya kuingiza bidhaa ilikuwa imetoka, makontena yanashushwa, na ndani yake kila kitu: taa, milango, viti, na mikanda imejikunja chini kabisa kama takataka. Mimi nilikuwa nimetoka Lindi na ufundi wa baiskeli, pamoja na mdomo ambao mpaka leo haujapoa. Mteja akinichosha, namwambia.

Na kwa mikanda walinichosha kwelikweli. Ndani ya kasha la mkanda kuna gurudumu lenye meno, ndilo linalokunja utepe. Chini yake, kwa ile aina niliyokuwa nauza, kuna kikombe kidogo, na ndani ya kikombe imekaa gololi ya chuma. Gari likitembea vizuri, gololi imetulia na utepe unavutika. Breki ikikanyagwa ghafla, gololi inapanda ukingoni, inanyanyua ulimi mdogo wa plastiki, ulimi unakamata meno, na mkanda haukupi tena hata inchi moja. Basi, ndiyo siri yote. Ila kikombe lazima kikae wima, kama kilivyokaa garini. Ukilishika kasha kiupande, gololi inaegemea pembeni na mkanda unaganda. Si mbovu. Unafanya kazi yake.

Sasa kamweleze hayo mteja wa Kariakoo. Kariakoo kitu kinajaribiwa palepale mkononi. Anachukua kasha, analilaza kiganjani, anavuta, limeganda. "Fundi, hii mbovu." Unaeleza. "Fundi, mimi si wa kuja." Anahamia banda la pili, ambako mkanda unateleza kama umepakwa sabuni, kwa sababu jirani ameshatoa gololi. Nilipopoteza wateja watatu kwa siku moja, na mimi nikaanza kutoa. Ukali wangu wote uliishia hapo.

Gololi sikuzitupa. Nyuma ya banda tulikuwa na bao, na kete zake zilikuwa zinapotea ovyo, nikawa naziba mapengo kwa gololi. Ikafika siku bao zima ni la chuma. Tulijivunia. Zilikuwa na mlio mtamu zikiangukia shimoni.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kihindi kutoka Upanga, mwalimu mstaafu, na kigari cha bluu alichokitunza kuliko wengi wanavyotunza nyumba. Mkanda wa siti ya abiria ulikuwa umechanika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachukua kasha, akalilaza, akavuta.

"Huu mbovu, fundi."

"Subiri mama, ninao mwingine."

Sikuwa na mwingine. Nilienda nyuma, nikafungua kifuniko, nikatoa gololi, nikarudi na mkanda uleule. Alipouvuta ukaja wote. "Huu ndio mkanda," akasema, na mimi nikacheka naye.

Niliufunga mwenyewe, nikakaza bolti. Alikuwa ameshawasha gari aliposema, "Kesho asubuhi namtoa mzee wangu hospitali. Wamempasua kifua. Tunaenda kwa binti yetu Morogoro, akapumzike. Naogopa ile barabara, lakini sasa angalau atashikwa." Akanipa kifuko cha chevda, vile vitafunwa vyao vya dengu na pilipili, akaondoka.

Nilirudi kwenye bao. Zamu yangu ilipofika nikachota kete, nikashindwa kuzigawa. Mwenzangu, Mmakonde mmoja aliyeuza rejeta, akaniuliza kama chevda imenikaba roho. Nikamweleza. "Kwani kila gari linagonga?" akasema, na najua alitaka kunituliza. Lakini mimi nilikuwa namwona yule mzee na kifua chake kilichoshonwa, na utepe unavutika, unavutika tu, mpaka kwenye dashibodi. Niliona aibu, na niliogopa. Nikachukua gololi moja shimoni, bisibisi na spana, nikaenda Upanga kwa miguu.

Niliulizia kigari cha bluu cha mwalimu mstaafu mpaka nikakikuta chini ya ghorofa, mlinzi akamwita mama. Alishuka akidhani nimesahau spana yangu. Nikamwambia yote bila kuzungukazunguka.

"Ulinidanganya huku unanitazama," akasema.

"Ndiyo, mama."

Alisimama mikono kifuani mpaka nimeufungua mkanda na kurudishia gololi. Kisha nikamwonyesha: kasha likilala mkononi, limeganda, likisimama wima, unavutika. Akajaribu mwenyewe mara mbili. "Kumbe ule mzuri niliukataa mimi," akasema, sauti imelegea kidogo.

"Wewe hukujua, mama. Mimi nilijua."

Nilipomaliza kuufunga akaniambia nikae kwenye siti ya abiria. Tukazunguka mtaa. Penye barabara tupu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na mkanda ukanikamata mpaka nikakohoa.

"Umeshika?"

"Umeshika, mama."

Akaliondoa gari, akakanyaga tena. Ile ya pili, nadhani, ilikuwa viboko vyangu.

Tuliporudi alizima gari lakini hakushuka. Alinitazama kama wanavyotazama walimu, bila hasira, akisubiri tu.

"Na wengine?"

"Wengine gani, mama?"

"Uliowafungia kabla yangu."

Nilirudi Gerezani nikazikusanya kete zote kwenye kopo la maziwa ya unga. Wenzangu walininunia, wakaenda kutafuta komwe. Tangu siku hiyo, mteja aliyetaka kujaribu mkanda nilimshikia kasha wima, na aliyeenda kwa jirani alienda. Kila gari lililosimama mbele ya banda langu nililivuta mkanda hata kabla ya salamu. Watu wakasema fundi kapata wazimu. Kwa njia hiyo, mwaka mzima, nilifanikiwa kurudishia gololi kumi na moja.

Yule mzee alifika Morogoro, akarudi, akaishi. Mama alikuja mwenyewe kuniambia, na chevda nyingine. Akaliona kopo mezani, akalinyanyua, akalisikia uzito. Wenye zile gololi zilizobaki sikuwahi kuandika hata jina la mmoja wao.