Kata Ambayo Bibi Hakuionja

Bibi yangu Sikuzani alikuwa hasemi ndani ya nyumba. Ukimuuliza chumvi iko wapi, anakuonyesha kwa kidevu. Ukitaka neno lake, mfuate shambani, mahali pa wazi pasipo na paa. Watu wa Kibakwe waliomkuta uzeeni walimwita bubu wa kujitakia, na wenye midomo mirefu zaidi walisema mchawi hapendi kusikika. Mimi nimelelewa mapajani mwake. Nawaambia leo, tena kwa sauti, tena humu humu ndani: waongo wakubwa hao.

Basi kaeni. Anayetaka kuguna agune sasa, maana nikishaanza sipendi kukatishwa.

Enzi zenyewe ni za Mdachi. Bibi alikuwa mjane, bado ana nguvu zake, na kazi yake kupika pombe. Pombe ya uwele, ile wenyewe Wagogo tunaiita ujimbi. Yake ilikuwa na jina. Watu walivuka vilima kuja kuinywa, na wengine walijifanya wamepotelewa na ng'ombe ili tu wapite kwake. Nyumba yake ilikuwa tembe kama za wenzake, ndefu na ya chini, paa lake bapa, la miti na udongo. Aliijenga marehemu babu ikaegemea mteremko, kwa hiyo kwa nyuma paa lilikaribia kugusa ardhi, na mbuzi walilipanda wapendavyo. Mko ndani mnakula, mbuzi wanatembea juu, udongo unadondokea ugali. Mnafanyaje? Mnapuliza, mnaendelea.

Sasa kuna jambo moja mlishike vizuri. Mpika pombe haigawi pombe kabla hajaionja. Anachota kata ya kwanza, anakunywa yeye mwenyewe mbele ya macho ya watu, ndipo anaipitisha. Huko ndiko kutoa sumu. Wakikuona umekunywa, wanajua pombe ni safi na roho yako ni safi. Asiyeonja amewaambia watu, bila kufungua mdomo, kwamba ndani mna kitu. Hata mlevi wa kutupwa haigusi kata hiyo.

Mwaka huo kusini kuliwaka. Watu walikunywa dawa ya maji, wakaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji, wakaingia vitani. Kwetu vita vilikuwa havijafika, ila bomani walikuwa hawapati usingizi. Kila atokaye upande wa Kilosa alikamatwa. Na baba yangu, Yotham, mtoto wa pekee wa Sikuzani, ambaye hata ndevu zilikuwa hazijajipanga vizuri, alikuwa amekwenda huko huko kununua majembe. Akarudi na majembe yake begani, kijana wa watu, hana habari. Hakufika nyumbani. Walimtia mnyororo shingoni pamoja na wenzake, wakawa wanavunja mawe.

Bibi akaenda bomani, akafukuzwa. Akaenda tena, akafukuzwa tena. Aliona shingo ya mwanawe kwa mbali, akarudi akilia njia nzima.

Siku moja akida, mkono wa Mdachi kwetu, akamfuata mwenyewe. Akida Shaibu alikuwa mtu wa mjini, kizazi cha wafanyabiashara wa misafara, Mwislamu safi, kanzu nyeupe ambayo hata vumbi letu liliiogopa. Pombe hakuwahi kuitia mdomoni. Alikaa uani mbali na mitungi, kama vile harufu nayo ingemharibia swala.

"Mama Yotham," akamwambia, "mimi si adui yako. Huko kusini kuna vijiji vimebaki majivu, na mimi sitaki hapa pawe majivu. Neno likikamatwa lingali mdomoni, bunduki haitalia. Wanaume wote wa hapa wanakunywa kwako. Wakinywa, wanasema. Nataka kujua wanasema nini juu ya hiyo dawa, na nani anayesema."

"Bwana akida, wakinywa wanasema habari za ng'ombe na kuwateta wake zao."

"Basi niambie hivyo hivyo. Wakinywa safari hii, uje uniambie kweli, hata iwe kweli ya ng'ombe, na mwanao atarudi. Ukinificha, nitajua. Na hapo usimsubiri tena."

"Utajuaje, bwana?"

Akida akacheka, akakung'uta kanzu yake. "Serikali ina masikio, mama."

Mnajua bibi aliniambia nini juu ya maneno hayo? Aliniambia, "Mjukuu wangu, angekuwa mwongo ningemchukia nikapumzika. Lakini majivu yalikuwa ya kweli." Mimi nilikasirika. Nikamwambia, bibi, mtu anayemfunga mwanao ili akununue masikio, huyo unamtafutia heri ya nini? Alikuwa hivyo, hata adui yake alimpimia haki yake.

Akaloweka uwele, maana angefanya nini? Asipopika, hakuna wanywaji, hakuna la kumpelekea akida, mtoto anaozea kwenye mawe. Akipika, watu watakuja kusema chini ya paa lake, na kila neno lina shingo ya mtu.

Pombe ilipokaribia kuiva, akaja Malogo, mdogo wake marehemu babu. Malogo alikuwa mtu mwema, ila hasira zake zilitangulia mbele, yeye akifuata nyuma. Akamnong'oneza, "Shemeji, kuna mgeni ametoka bondeni, amenipa kitu. Nitakuja na wenzangu, tulizungumze hapa kwako. Kwingine siwaamini watu. Kwako ni salama."

Kwako ni salama! Eti nyie, hebu wekeni mioyo yenu mahali pa moyo wa yule mama.

Angemwambia nini? Aliyesema "akida alikuja kwangu" ameshajiita mpelelezi, na habari ilikuwa tayari inatembea kwamba kanzu nyeupe ilionekana uani kwake. Wakigoma kuja, mtoto harudi. Akapanga moyoni hivi: siku hiyo nitamvuta Malogo pembeni, nimwombe jambo lake aliweke kwanza, wanywe tu, waseme habari za ng'ombe. Nami nitampelekea akida ng'ombe hao. Mpango mzuri, si ndiyo? Ila mwenye kupanga si yeye peke yake.

Siku ikafika. Mchana, jua kali, mbuzi wote wamepelekwa mtoni. Bibi alikuwa ndani anapanga mitungi. Udongo ukamdondokea mkononi. Akaupuliza kwa mazoea. Ukadondoka tena, mbele kidogo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mbuzi hawapo.

Akatazama juu. Mti mmoja wa paa ulikuwa umebonyea kidogo, kisha ukainuka, ukabonyea wa pili yake. Mtu alikuwa anatambaa kule juu, kwenye maboga aliyoyaanika bibi, anatafuta mahali pazuri pa kulala na kusikiliza. Hapo bibi akajua ni mtu wa akida. Akida hakumwamini. Alitaka neno la bibi, na alitaka la kulipimia. Bibi akimpelekea ng'ombe, na wa juu akapeleka dawa, kwisha: Malogo kamba, wenzake kamba, na Yotham wake hatoki tena.

Akakimbilia mlangoni ili amwahi Malogo. Amechelewa. Wanaume walikuwa wanaingia, kundi zima, wanacheka, wanainama mlangoni mmoja mmoja. Wakaketi. Udongo ukadondoka tena.

"Shemeji, hao mbuzi wako watatuangushia paa," Malogo akasema, watu wakacheka.

Najua mnachotaka kusema. Angenyoosha kidole juu! Haya, anyooshe. Malogo na mkuki wake mlangoni, na hasira zile? Angepanda akamchoma mtu wa serikali kabla hujafumba jicho, na hapo Kibakwe ingekuwa majivu kweli kweli. Angenong'ona? Kwa wanaume waliozoea kujibu "ati nini?" kwa sauti ya kuitia ng'ombe? Angewafukuza? Wa juu angesikia wanafukuzwa, akida angeuliza wamefukuzwa kwa nini. Kila mlango aliougusa ulikuwa umefungwa kwa nje.

Malogo akatia mkono kwenye nguo yake, akatoa kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kamba. Akakohoa. "Ndugu zangu, nimewaita..."

Bibi akachota kata, ikajaa, povu linamwagika. Akavuka katikati ya watu, hakuipeleka mdomoni. Akaisimamisha mbele ya uso wa Malogo.

Malogo akanyamaza. Akaitazama kata. Akamtazama bibi midomo, mikavu, haina hata tone. Bibi akamkazia macho. Aliniambia, "Nilimsemesha kwa macho yote Mungu aliyonipa. Nilimwambia, nyamaza, toka, niamini." Malogo alisoma mawili ya kwanza. La tatu hakulisoma.

Akakirudisha kibuyu nguoni. Akainuka. Wenzake nao wakainuka, hakuna aliyetamka neno, maana mbele ya sumu watu hawabishani, wanaondoka. Wakatoka mmoja mmoja wakiinama mlangoni. Wa mwisho akatema mate kizingitini. Bibi akabaki ameshika kata yake, na mitungi imejaa, na juu ya kichwa chake udongo unadondoka taratibu.

Akaenda kwa akida. "Walikuja, wakakaa, hawakusema kitu. Pombe ilikuwa imeharibika, wakaondoka." Wa juu naye alikuwa ameshasema yake: walikuja, mmoja akaita ndugu zangu, wakanyamaza, wakaondoka. Maneno yakalingana. Akida, asiyejua hata kata inashikwaje, aliridhika. Na ahadi yake aliitimiza, hilo nampa. Yotham akafunguliwa mnyororo.

Sasa tazameni jinsi mtego ulivyonasa. Nani alirudi kutoka kule kwenye mawe? Yotham peke yake. Nani alitembelewa na kanzu nyeupe? Mama yake Yotham. Nani alitaka kunywesha watu pombe asiyoionja? Huyo huyo. Watu wakajumlisha wenyewe. Lisemwalo lipo, wakasema. Amewauza, tena kwa sumu! Hakuja mnywaji tena. Mitungi ikakauka, ikapasuka. Watoto walifundishwa kuzunguka mbali na uwanja wake.

Naye hakuweza kujitetea. Aseme kulikuwa na mtu juu ya paa? Watamuuliza: alifuata nini kwako, nawe ulijuaje? Na angeyasemea chini ya paa la nani? Tangu siku ile kila udongo uliodondoka ulikuwa mtu. Ndiyo maana alifunga mdomo ndani ya nyumba, akafunga mpaka mwisho.

Malogo alikitupa kibuyu chake mtoni, akaishi mpaka akazeeka, akazaa, akajukuu. Na wajukuu zake ndio hao wanaonicheka sokoni, mjukuu wa mchawi, mjukuu wa mchawi. Asante ya punda mateke! Ninyi mngekuwa wapi, enyi vichwa maji, kama si ile kata?

Lakini si hao walionichoma moyo.

Siku Yotham aliporudi, alipitia kwanza kwa baba yake mdogo, Malogo, kwa kuwa nyumba yake iko njiani. Wakamwambia yote. Akafika nyumbani amekonda, shingo ina kidonda cha chuma. Bibi alimkumbatia, akalia, akamsongea ugali wa uwele na mlenda anaoupenda. Akamwekea. Yotham akanawa. Mikono ikabaki magotini.

"Mama," akasema, "onja kwanza."

Bibi akaonja.

Tangu hapo akawa anaonja kila kitu: ugali, maziwa, hata maji ya kunywa. Mimi utotoni nilidhani ni ulafi, nikamcheka. Aliponihadithia haya yote, Mdachi alikuwa ameshakwenda zake zamani, nasi tulikuwa katikati ya shamba, tunapalilia. Nilitupa jembe. Nikamwambia, bibi, baba anajua? Akatikisa kichwa. Nikakimbia nyumbani, nikamwambia baba yote, kwa sauti, ndani ya nyumba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Akalia, mtu mzima yule, akaipangusa shingo yake penye kovu. Akasema, "Mama yangu. Mama yangu, jamani."

Jioni bibi akaweka chakula. Mimi nilikaa nikimtazama baba, moyo unanidunda kwa furaha. Akanawa mikono. Akaunyoosha mkono kwenye ugali, nikauona unakwenda, ukafika karibu kabisa, ukasimama. Alijaribu, jamani, niliona kwa macho yangu alivyojaribu. Jasho lilimtoka. Mkono haukwenda.

Bibi akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akala, akameza. Ndipo baba akala.