Bingwa Aliyefika wa Nne

Shangazi Brashi amechora vitabu vya watoto tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zenyewe, bila msaada wa dawa ya kopo. Jina lake limo katika kila kimoja: ukurasa wa mwisho, chini ya anwani ya kiwanda cha uchapaji, kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani. Jalada ni la mwenye kampuni ya vitabu, ambaye kwa bahati nzuri ni mshairi pia, na kwa bahati nzuri zaidi hana bosi wa kumkatalia mashairi.

Safari hii mwenye kampuni aliahidi mbele ya watu: kitabu cha maisha ya Bingwa, yule mama mkimbiaji aliyestaafu, kitakuwa na majina mawili juu. Shangazi akarudi nyumbani akitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Yeye hachori mtu wa kichwani. Lazima mtu asimame mbele yake, apumue. Kwa hiyo wifi yake, msusi mwenye magoti ya kelele, ndiye aliyekimbizwa koridoni na kiatu kimoja, maana Bingwa alipata sifa siku kiatu kilipomchomoka katikati ya mbio na asigeuke kukiokota. Picha ya gazeti ilikuwa ukutani: Bingwa kakunja uso, mguu mmoja peku, wasichana watatu mbele yake. Alifika wa nne, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia.

"Tena, wifi! Kunja uso!"

"Umeshajikunja wenyewe. Humsikii jirani wa chini anavyogonga dari na mpini wa ufagio?"

Mchoro ukatoka mtamu hasa. Mwenye kampuni akaupokea kama mtu aliyepakatishwa mtoto aliyelowa.

"Mbona wa nne? Shairi linasema wa kwanza."

"Lakini alikuwa wa nne, mzee."

"Ubeti mzima unaishia na 'nza', dada. Alianza, wa kwanza. Hiyo nne yako niiozeshe na nani? Na mnene? Nimwite Bingwa mnene?"

Basi matokeo ya mbio, yaliyoshuhudiwa na waamuzi wenye saa mkononi, yakafutwa na kina cha shairi. Mchoro ubadilishwe, la sivyo jalada litabaki na jina moja, na hapakuwa na haja ya kuuliza lipi.

Tumaini la Shangazi likabaki kwa Bingwa mwenyewe, aliyekuja ofisini kukagua. Bingwa akasoma ubeti, akaurudia, akajiegemeza kitini.

"Wa kwanza," akasema taratibu. "Unajua, mwanangu, hata mimi siku ile nilikuwa nahisi hivyo hivyo."

Loo! Shangazi akaenda kubadilisha. Katika mchoro mpya Bingwa akakata utepe kwa kifua, peke yake, meno yote nje. Ila pembeni kabisa, kwenye nyasi, Shangazi akawachora wale wasichana watatu: wamekaa, taulo mabegani, wanapokezana chupa ya maji. Mmoja anapiga miayo. Wifi alikaa kwa niaba ya wote watatu, na kazi hiyo hakuilalamikia hata kidogo. Mwenye kampuni akapitisha bila neno. Yeye hutazama mashairi yake tu.

Siku ya uzinduzi, katika ukumbi wa shule, jalada lilikuwa na majina mawili. Bingwa akasoma mwenyewe, akatoa "wa kwanza" kwa sauti ya kutingisha madirisha, akainua kitabu watoto waone.

"Bibi," akauliza msichana wa mstari wa mbele, "mbona hawa wameshapumzika?"

Bingwa akageuza kitabu, akavaa miwani. Mwenye kampuni akaanza kutokwa jasho la shingo. Shangazi akafunika jina lake kwa kiganja, kana kwamba lingetoroka.

"Hawa," Bingwa akasema mwishowe, "walinitangulia."

"Kwa hiyo ulikuwa wa nne?"

"Wa nne. Na kiatu kimoja."

"Kimoja tu?"

Makofi yakalipuka hadi mwalimu mkuu akaziba masikio. Wakataka arudie, na kila alipofika "wa kwanza" wakamzima: "Wa nneee!" Kina kikafa papo hapo, bila mazishi.

Kelele zilipotulia, Bingwa akamtafuta Shangazi kwa macho, juu ya miwani.

"Mchoraji, hiyo miayo nimeiona. Sikuchelewa kiasi hicho."