Aliye Ndani ya Mti Ahame

Mama yangu alikuwa anaongea na mti, na mimi nilikuwa namwonea haya. Angekuwa anaomba ningenyamaza. Sisi ni Wahindu, kuuinamia mti si ajabu kwetu. Lakini Mama hakuwa anaomba. Alikuwa anamwambia Baba kwamba nyanya zimepanda bei na kwamba dada yake, shangazi yangu, bado ana maringo yake yale yale. Na Baba alikuwa amekufa.

Mti wenyewe ulikuwa mwerezi mkubwa nyuma ya nyumba yetu Selly Oak, Birmingham, ule wa milima ya India ambao wazee wetu huuita devdaru, mti wa miungu. Nani aliupanda hapo hatujui, sisi tuliukuta. Baba alikuwa akitoka kazini anasimama chini yake kuvuta sigara ambayo Mama alijifanya haijui. Halafu siku moja moyo wake ukasimama kazini, ghafla tu. Wiki ile ile, siku ambayo hata nguo kwenye kamba hazikutikisika, tawi zima likakatika likaanguka uani. Mama akatoka, akalitazama, akasema, "Amefika." Tangu hapo kila jioni alikuwa huko nje na shali yake.

Na alimwongelesha kwa Kiswahili. Hili lazima nilieleze. Walioana Kisumu, wakakaa nyumba moja na mama mkwe wa kuogopwa, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwa muuza mboga. Kigujarati kilikuwa cha mezani na cha adabu. Wakitaka kugombana, kutaniana, ama kuambiana yale ambayo mama mkwe hapaswi kuyasikia, walikimbilia Kiswahili. Sisi watoto tulikiokota kwa kusikiliza mlangoni.

Basi mizizi ikaanza kuinua ukuta wa jirani, nyumba ya kupangisha wanafunzi. Mwenye nyumba akaleta wataalamu, wataalamu wakasema mti ukatwe, hakuna njia nyingine. Kuna mashine siku hizi: unaingiza shina upande huu, linatoka unga upande ule. Mama aliposikia habari za mashine hiyo hakula siku nzima.

Wazo la hekalu lilikuwa langu. Wazee wa hekalu moja kule Balsall Heath walikuwa wanataka sanamu ya Devi, mungu mama, ya mbao. Mbao hiyo huwezi kuinunua dukani. Lazima itoke kwenye mti wa aina iliyokubaliwa, ulio hai, usiopigwa na radi, na devdaru ni mojawapo. Wakaja na makoti yao, wakaupapasa mwerezi wetu kama watu wanaonunua ng'ombe, wakafurahi. Mama akakubali haraka mno. Mimi namjua mama yangu, hata kuchagua vitunguu humchukua nusu saa. Roho yangu ikaniambia, hapa pana jambo.

Alasiri ya kuamkia siku ya kukata, akaja kuhani wa hekalu, kijana mpole aliyefika karibuni kutoka India. Alikuja pia fundi wa kukata miti, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisa, aliyetaka kufunga kamba zake mapema. Kuhani akaosha mizizi kwa maji na maziwa, akazungusha uzi mwekundu kwenye shina, akaweka mchele na peremende, akafukiza ubani. Akaniambia nimfasirie Mama kwa Kigujarati jambo linalofuata, asije akakosea. Huwezi kuchonga mungu ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo yeyote anayekaa humo, ndege, nyoka, roho, jini, anaombwa radhi, anapewa chakula, anaombwa ahame, na anaambiwa achague makao mengine. Halafu anaachiwa usiku mmoja wa kufunga mizigo. Yeye kuhani angesema kwa Kisanskriti, kisha mwenye mti aseme mwenyewe kwa lugha yake.

Akamaliza yake. Mama akasogea, akaweka kiganja kwenye gome, akaanza. Kwa Kiswahili.

"Wewe, usimsikilize huyu. Kesho watakuja na kelele zao, usishtuke. Jishikilie hapo katikati. Watakuchonga, watakuvisha hariri, utakaa Balsall Heath kama bwana mkubwa na mimi nitakuja kila siku kwa basi. Usihame. Umenisikia? Usiniletee mambo yako ya kiburi. Kaa hapo hapo."

Kuhani alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nikageuka, nikamwona fundi ameacha kufunga kamba. Alikuwa anamtazama Mama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Jikoni nilimwakia. "Mama, umefanya nini? Watu watapiga magoti mbele ya yule mungu, na wewe umemwambia Baba abaki humo!"

"Wapige magoti, wana hasara gani? Alikuwa mtu mzuri."

"Baba amekufa, Mama."

"Nani amekwambia sijui kwamba amekufa? Wewe una watu wako. Mimi nina huyo." Akaniwekea chapati kwenye sahani.

Asubuhi kuhani akapaka asali na samli kwenye shoka la kukatia pigo la kwanza, akapaka na msumeno wa injini pia, maana vitabu havikuujua lakini nao ni chuma. Akachora alama upande wa mashariki, ili uso wa Devi uangalie ulikoangalia mti. Akampa fundi shoka. Fundi hakulipokea. Akaja moja kwa moja kwa Mama, kofia mkononi.

"Mama, pardon. Mimi Kiswahili ninasikia. Jana ulimwambia bwana yako abakie ndani."

Mama akajifunga shali yake vizuri.

"Mimi ni mutu wa Yesu. Hizi desturi zenu sizijue. Lakini nikikata muti huu, na mutu ameambiwa abakie, ni mimi nitamukata. Siwezi, Mama. Mungu ananiona."

"Utamkata vipi? Ni roho!"

"Basi anasikia. Anasikia ile mashini inakuja, na anabakia juu ya wewe ulimwambia. Unataka asikie ile?"

Kuhani akaniuliza kuna tatizo gani. Nikamwambia Mama ana neno alilosahau. Alikubali bila kuuliza zaidi, Mungu ambariki.

Mama aliutazama msumeno ule pale chini, meno yake yakimeta samli. Sijawahi kumwona mzee kama alivyokuwa dakika ile. Kisha akaenda kwenye mti, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, mimi nikisimama nyuma yake nisijue niweke wapi macho.

"Haya, baba watoto," akasema. "Toka. Sitaki ile kelele ikukute humu. Nilisema ukae, sasa nasema toka. Mimi nitakuwa sawa, nani alikwambia siwezi? Toka. Nimekushikilia mpaka nimechoka, toka, bwana! Toka!" Mwisho alikuwa anapiga gome kwa kiganja, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Nililia pale pale mbele ya watu.

Fundi akapiga shoka, kisha akawasha msumeno. Mti ukaanguka upande wa mashariki, nje ya ua kwenye nyasi, vizuri kabisa, na kuhani akasema ni baraka. Harufu ya mbao ikajaa kila mahali. Wakapakia shina, upande wa mizizi mbele, ili chini pabaki chini hata kwenye lori. Wakaondoka.

Uani kukawa na mwanga ambao hatukuuzoea. Njiwa waliokuwa wakilala kwenye mwerezi wakarudi. Wakazunguka juu ya kisiki, wakashuka kidogo, wakapanda, wakazunguka tena, hawaelewi. Mama alikuwa dirishani, akiwatazama. Ghafla akanishika mkono, akaniminya mpaka nikaumia.

"Nilimwambia aende wapi?"

"Mama?"

"Kuhani alisema uombe ahame, halafu umwambie atafute makao mengine. Wewe mwenyewe ulinifasiria. Mimi nimemwambia toka tu. Toka, toka, toka! Sikumwambia aende wapi."

Nilitaka kusema kwamba hakuna mtu nje, kwamba nje ni Birmingham tu na mawingu yake.

"Hakuwahi kujua barabara za huku," Mama akasema. "Alikuwa anapotea hata akienda dukani."

Akafungua mlango wa jikoni. Baridi ikaingia yote. Akavaa koti lake akakaa kwenye kiti akiuangalia mlango, na mimi, niliyebishana naye miaka yote hiyo, nikainuka kwenda kuufunga. Badala yake nikausukuma hadi ukutani, nikaweka tofali usirudi.

"Baba," nikasema, kwa Kiswahili. "Huku."