Swali la Kumi

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, Mwaija huchuja kwa kipande cha kanga kuukuu maji ya lambo aliyoyachemsha jioni, akayamimina kwenye mtungi ulio kando ya njia iendayo shuleni. Kata ya kunywea huilaza juu. Watoto hunywa, husema "Asante, bibi," naye huwagombeza wasimwage.

Mazoea hayo aliyaanza baada ya kufiwa. Mwaka 1974 watu wa Kwamhande, huko porini Handeni, walipakiwa kwenye malori wakaletwa kijiji kipya. Mwenyekiti Mwinjuma, mtoto wa mjomba wake Mwaija, aliapa kwamba kisima kitachimbwa kabla ya mvua. Mwaija alichelewa kuhama siku nne, akimalizia kuvuna mahindi yake. Vuli ikaingia, kisima hakuna. Watu wakachota lambo moja na ng'ombe. Mjukuu wake Tatu, mtoto wa miaka mitatu, akaharisha siku mbili, akafa.

Mwaka uliofuata, Mwalimu Simeo, kijana wa Dindira aliyefundisha elimu ya watu wazima, alitunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Saba Saba. Ndani yake mlikuwa na bibi mkaidi anayegoma kuhama hata mjukuu wake akafa. Nafasi ya mwenyekiti aliichukua Mwinjuma mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwigiza. Nafasi ya bibi akapewa Mwaija.

"Tumpime kila mtu kwa maneno yake," Simeo aliwaambia darasani. "Bibi anasema, 'Ukaidi wangu ndio uliomwua.' Maneno hayo yanatuonyesha mtu wa namna gani?"

"Mtu asiyekuwapo," Mwaija akajibu.

Darasa likacheka.

"Mwalimu, herufi nimezijua majuzi, lakini masikio ninayo tangu zamani. Bibi gani aliyefiwa anaongea kama mwenyekiti? Tena tazama daftari lako. Mwenyekiti anauliza maswali tisa. Yeye anaulizwa mangapi?"

Simeo alipekua kurasa mbele, akapekua nyuma. "Hakuna."

"Sasa wajibu wake tutaujuaje?"

Kijana wa watu akainama. "Mama, mchezo umeshapitishwa."

Siku ya Saba Saba wageni wa wilaya walikaa mbele, kwenye viti vilivyoazimwa shuleni. Mtoto wa mchezo alikuwa gunzi lililoviringishwa kitambaa. Mwaija alipolipakata, mikono ikamkumbuka Tatu.

"Bibi!" Mwinjuma alinguruma, kidole juu. "Nani alimwua mtoto huyu?"

"Mimi nilichelewa siku nne," alisema Mwaija. "Hizo ni zangu, ninazibeba. Wewe ulisema kisima kitakuwapo kabla ya mvua. Kiko wapi, Mwinjuma?"

Kisha sauti moja ikatoka nyuma: "Haya, watani hao wameanza!"

Watu wakaangua kicheko. Mabinamu wale walitaniana tangu utotoni, harusini na hata msibani, na mtani hakasirikiwi. Mwinjuma naye hakukasirika. Alipiga makofi, akawageukia wageni. "Mnamwona binamu yangu? Huyu atanizika mzima mzima, tena ndani ya kisima!" Wageni wakacheka hadi kufuta machozi.

"Sitanii!" Mwaija alipiga kelele. "Sitanii, Mwinjuma! Nijibu!"

Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka. Hapo akaelewa, na hasira ikampanda hadi macho yakaingia giza: amesema kweli mbele ya wilaya nzima, na utani ambao yeye mwenyewe aliulea miaka yote ndio uliomkinga mwenyekiti. Mtu asiyeruhusiwa kukasirika hana haja ya kujibu. Alishuka jukwaani akaenda zake nyumbani, gunzi bado amelikumbatia.

Asubuhi yake akaja Grasiana, msichana aliyesoma chuo kikuu Dar es Salaam, aliyefuatana na wageni kuandika habari za michezo ya kuigiza ya vijijini. Alisimama kitambo kando ya mtungi, daftari kifuani, akitazama watoto wakipokezana kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe umekuja kumalizia kucheka?"

"Sikucheka, bibi."

Mwaija alimtazama, akaona ni kweli. Akamsogezea kigoda. Msichana hakukaa.

"Bibi, nina swali moja tu. Kama kisima ni kazi ya mwenyekiti, kwa nini maji unayachemsha wewe?"

Mwaija akainamia chungu cha uji, akasukuma ukuni katikati ya mafiga kwa nguvu, cheche zikaruka.

"Watoto wanapita hapa," alisema, "na yeye hachemshi."