Kisigino cha Twaiba

Hina ndiyo iliyomlisha Twaiba tangu alipoachika. Kila asubuhi alishuka ufuoni Diani, akatandika mkeka kando ya ukuta wa hoteli, akawachora wageni mikono na miguu. Nyayo zake mwenyewe hazikukosa hina. Akimaliza kazi, masalio ya bakulini aliyapaka visiginoni kufunika magaga. Mchoraji mwenye miguu iliyopasukapasuka, alisema, nani atampa mguu wake auchore?

Dawa za sukari alizimeza bila kukosa. Miguu hakuna aliyemuuliza, naye hakuitaja. Ganzi kidogo tu! Mchanga wa saa saba mchana aliukanyaga peku kama zulia.

Basi siku moja Yusra, mkazamwana wake, alikuwa akipiga deki akaona madoa yanaongozana sakafuni mpaka chumbani kwa mama mkwe.

"Mama, hii si hina."

"Ni nini basi, rojo la ukwaju?"

"Inanuka."

Harufu ile Twaiba alikuwa ameisikia tangu juzi, akamsingizia paka. Jirani yao Mwanarusi alianza vivi hivi, na kidonda kisichouma. Leo ana mguu mmoja.

Daktari wa miguu walimpata kwenye kliniki moja Msambweni, kijana wa Kikamba aitwaye Musyoki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jambo langu dogo, nipake dawa nirudi kwenye hina yangu."

"Hiyo hina naiona, imenifungia mlango." Aliugeuza mguu kwenye mwanga. "Mimi hutazama rangi ya ngozi, kama ni nyekundu, kama ni nyeusi. Hapa nitajuaje?"

Akatafuta mapigo ya damu juu ya wayo kwa vidole viwili, akaitikia kwa kichwa taratibu. Yapo. Kisha akamwambia afumbe macho, aseme "naam" kila akiguswa.

Twaiba akafumba. Akangoja. Feni ilizunguka, nje mtu akakohoa.

"Mbona huanzi, baba?"

Yusra aliyekuwa akitazama alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Nimeshakugusa kote, mama," alisema Musyoki.

Akaanza kuichonga ngozi ngumu ya kisigino kwa kisu chembamba. Chini yake usaha ukatoka, na ndani ya usaha kipande cha kombe la ufuoni, kikali kama wembe. Kilikuwa kimeingia lini, Twaiba hakujua. Alikuwa akikipaka hina juu.

"Sasa nitatia kijiti hiki cha chuma. Kikigonga mfupa, basi kidonda kimefika huko, utalazwa leo hii, na habari ya mguu tutaongea na mpasuaji."

"Kukata?"

"Tuangalie kwanza."

Kijiti kikazama. Twaiba hakuhisi kitu, na kule kutohisi ndiko kulikomtoa jasho. Aliukodolea macho uso wa kijana yule.

"Kimegonga?"

Musyoki akakisogeza upande.

"Baba, nakuuliza!"

"Hakijagonga."

Alikiosha kidonda, akakifunga, akamwandikia dawa na siku ya kurudi. Kisha akachukua kalamu akapiga mstari juu ya kifundo, hina isikofika, pale wekundu ulipoishia. "Wekundu ukivuka hapa, hata kama hauumi, hata kama ni Idi, njooni papo hapo. Na mwenye sukari asingoje maumivu. Ganzi, sugu, lengelenge, ukucha uliozama nyamani, hayo yote tuleteeni mapema. Mguu huu usikanyage chini."

"Hata chooni?"

"Chooni kwa magongo."

"Ya Mwanarusi nitaazima," akasema Twaiba, lakini hakucheka.

Siku zile alishinda kitandani, mguu juu ya mto. Kuutazama mwenyewe hakuthubutu. Asubuhi ya kurudi kliniki Yusra alifungua dirisha, akapiga magoti.

"Umevuka mstari?" akauliza Twaiba.

"Geuza kidogo, mama."

"Yusra, sema!"

"Umerudi nyuma. Upana wa kidole."

"Alhamdulillahi!" Twaiba akashusha mguu ainuke. Yusra akamkandamiza bega.

"Umerudi, haujaondoka. Kaa."

Akakaa.