Kipande Kilikuwa Kimejaa

Mume wangu alikatwa vidole Jumatatu asubuhi. Nikiikumbuka siku hiyo, hasira yangu haiendi kwa msumeno. Msumeno ni chuma, haumjui mtu. Hasira yangu inakwenda kwenye makaratasi.

Tulikuwa tukikaa milimani, upande wa Kilolo, miaka michache kabla ya uhuru. Yeye alikuwa kibarua katika kiwanda cha mbao cha Mzungu mmoja, kazi yake kusukuma magogo kwenye msumeno wa duara. Siku zile kibarua alifanya kazi kwa kipande, yaani karatasi yenye nafasi thelathini. Kila siku unayofanya kazi karani anatia alama moja. Zikitimia thelathini, kipande kimejaa, unalipwa, unapewa kingine. Cha mume wangu kilijaa Jumamosi. Jumatatu karani alikuwa hajaandika vipya, lakini nyapara alipiga kengele kama kawaida na kuwaambia watu waingie, vipande watapewa baadaye. Jua halijapanda sana, gogo likaruka, mkono wa kushoto ukavutwa. Dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata vikabaki kwenye unga wa mbao.

Niliitwa kutoka shambani. Nilimkuta wamemlaza kwenye lori la kiwanda, juu ya mbao zilizokuwa zinapelekwa Iringa, mkono umezongwa shati la mwenzake.

"Usilie," aliniambia. "Watu wanatazama."

Karani alitoka ofisini mbio, akamkabidhi dereva karatasi iliyokunjwa, akasema, "Ya hospitali hiyo." Nikapanda, tukaenda.

Alilazwa wiki nyingi. Kitanda cha pili alikuwapo mzee aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya, naye ndiye aliyemwambia kwamba iko sheria: mtu akiumia kazini, mwajiri humlipa fidia. Mume wangu alipopata nafuu alikwenda kiwandani kuuliza. Karani akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Jumatatu hiyo hukuwa mfanyakazi wetu."

"Nilikuwa nani?"

"Mtu aliyeingia kiwandani bila kipande."

Alirudi nyumbani akanisimulia hayo kwa sauti ya chini, kama anayeungama kosa lake mwenyewe. Hapo ndipo nilipochukua kanga yangu na kumwambia, "Kesho tunakwenda Iringa."

Tulikwenda kwa miguu. Katika ofisi ya kazi ya serikali palikuwa na karani kijana, msafi, mwenye adabu zote isipokuwa ya kusikiliza.

"Kipande kiko wapi?"

"Kilijaa," nikasema.

"Basi leteni kipya."

"Hakupewa. Ndilo shauri lililotuleta."

"Kama hakupewa, mwajiri aandike barua kwamba hakumpa."

"Bwana karani, umewahi kumwona mwizi akiandika barua kwamba ameiba?"

Akaniambia nisubiri nje. Tulisubiri nje siku hiyo, tukasubiri tena mwezi uliofuata. Safari ya tatu tukaambiwa faili limepelekwa Mbeya, kwa sababu makao makuu ya jimbo yako kule. Sikujua kwamba kidonda cha mtu kinaweza kupewa uhamisho. Mume wangu akasema tuache, mahindi yanamezwa na magugu. Nilimjibu vibaya, nami sikuomba radhi.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea sokoni ndipo nilipoikumbuka ile karatasi ya dereva. Nikageuza njia. Hospitali nilimkuta dresa aliyekuwa akimsafisha mume wangu kidonda, mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka pwani, Kiswahili chake laini kuliko chetu sote.

"Mama, hospitali haitoi barua zake," alisema.

"Siitaki. Nataka kujua imesema nini."

Alinitazama, akaingia ndani, akakaa sana. Alirudi na karatasi ileile, bado ina mikunjo, akasoma polepole: "Tafadhali mtibuni kibarua wetu, ameumia kazini leo asubuhi." Chini pana sahihi ya karani na mhuri wa kiwanda.

Kibarua wetu! Ameumia kazini! Yule yule aliyefungua kitabu na kupitisha kidole. Nikamwomba aniandikie nakala. Dresa aliinakili kwa mkono wake, akampelekea daktari atie sahihi na mhuri.

Basi la kwenda Mbeya lilichukua siku nzima na kutuvika vumbi mpaka kwenye kope. Tulilala Ilomba, nje kidogo ya mji, kwa wakulima wa Kisafwa, watu wa kanisa letu, waliotupa viazi na moto bila kuuliza mengi. Asubuhi afisa wa kazi, Mzungu mwembamba, aliisoma nakala mara mbili, kisha akatuuliza kwa Kiswahili:

"Mlikuwa mnangoja nini muda wote huu?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi nikasema, "Tulikuwa tunakungoja wewe, bwana."

Afisa akavuta kalamu. Siku hiyohiyo aliandika barua kwenda kiwandani, na baada ya mavuno tukaitwa bomani Iringa kupokea fidia. Nikadhani yameisha. Karani wa boma akafungua kidau cha wino, akasogeza fomu ya kutia dole.

"Dole gumba la kushoto."

Mume wangu akaweka mkono mezani. Karani akautazama, akaitazama fomu.

"Fomu inasema la kushoto."

"Ndugu yangu," mume wangu akasema, "hilo ndilo mnalolilipa leo."

"Naelewa. Lakini fomu inasema la kushoto."

Akaenda kumwuliza mkubwa wake. Mkubwa amekwenda kula. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa kumi, ndipo likakubaliwa la kulia, na karani akajaza ukingo mzima wa karatasi kueleza kwa nini. Mume wangu akaanza kucheka, akacheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu aumie. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka.

Tulinunua ng'ombe jike na mabati. Kiwandani hakurudi tena. Ilimchukua masika nzima kujifunza jembe upya, akiukandamiza mpini kwa kiganja kilichobaki, na mtu akija kumsaidia anafukuzwa. Watu wa viwandani na mashambani wakaanza kunijia na shida zao, mara nyingi nikiwa katikati ya tuta. Niliwaeleza yote: ofisi ipi, karatasi gani, usikubali kurudishwa nyumbani. Wengi walinisikiliza hadi mwisho, wakashukuru, wakasema wataacha tu, maana Iringa ni mbali.